Maswali ya Wasomaji: Sauti ya Marehemu Hutunzwa au Hutungwa?

Tangu ukurasa huu ulipogusia programu za akili mnemba zinazoiga sauti, sura na maongezi ya watu waliokwisha kufariki, barua za wasomaji hazijakoma. Nimechagua nne, kwa sababu waandishi wake wamesimama mahali tofauti: mmoja anashawishiwa, mmoja tayari anatumia, mmoja analea mtoto aliyefiwa, na mmoja anajiandaa kuondoka. Majina yao tumeyahifadhi.

*Baba yetu alifariki miezi kumi na moja iliyopita. Hakupenda kuandika, kwa hiyo simu zetu sisi watoto wanne zimejaa ujumbe wake wa sauti: akitukaripia, akicheka, akiuliza kwa nini hatupigi simu. Kaka yetu mkubwa amepata kampuni inayodai kwamba, ikipewa rekodi hizo pamoja na picha, itatengeneza Baba wa kwenye simu ambaye wajukuu wataweza kuzungumza naye. Anasema hiyo ndiyo njia ya kuhifadhi kumbukumbu yake kabla hatujaanza kusahau. Mama hajasema ndiyo wala hapana. Mazungumzo hayo yakianza tu, huinuka akatoka chumbani. Mimi nasitasita, lakini sina hoja ya kumpinga kaka, na mwenyewe naogopa kuisahau sauti ya Baba. Je, kweli huku ni kuhifadhi kumbukumbu?*
Binti wa tatu

Dada, pole kwa msiba. Hoja unayoitafuta unayo tayari, ila imejificha ndani ya neno moja ambalo kaka yako analitumia kwa maana mbili. Kuhifadhi alichosema Baba ni kazi moja, na kutengeneza kitu kitakachosema kama Baba ni kazi nyingine kabisa, hata kama zote mbili zinaanzia kwenye rekodi zilezile zilizomo katika simu zenu.

Kazi ya kwanza inaweza kufanywa kwa ustadi mkubwa. Taasisi ya USC Shoah Foundation ya Marekani iliwarekodi manusura wa Maangamizi ya Wayahudi wakijibu maswali mengi sana, yanayofikia hata elfu moja kwa mtu mmoja, kisha ikaunda mfumo unaosikiliza swali la mgeni na kumchezea jibu linalolingana nalo. Mgeni huhisi kama anazungumza na manusura huyo ana kwa ana, ilhali kila neno analolisikia lilitoka kinywani mwa mtu mwenyewe, akiwa hai na akijua anachokifanya. Mfumo ukikosa jibu linalofaa, hauna pa kulipata jingine.

Anachouziwa kaka yako si hicho. Programu za kizazi hiki zimefunzwa kwa maandishi ya watu wasiohesabika, na ujumbe wa Baba unaongezwa juu yake mithili ya rangi juu ya ukuta ambao tayari umejengwa. Mjukuu akiuliza, “Babu, ulipokuwa mdogo ulikuwa unaogopa nini?”, na ikawa Baba hakuwahi kuligusa jambo hilo katika ujumbe wake hata mmoja, programu haitanyamaza. Itapanga maneno yanayoelekea kufuata swali la namna hiyo, itayavika sauti ya Baba, na mjukuu ataondoka akijua kwamba babu yake alikuwa anaogopa giza. Miaka ishirini baadaye atawasimulia wanawe habari hiyo, na hakutakuwa na mtu wa kumsahihisha.

Usidhani ninatia chumvi. Mwaka 2002 mtafiti Kimberley Wade na wenzake walichukua picha halisi za utotoni za watu wazima ishirini, wakawaingiza kwa hila katika picha ya puto kubwa la kupandia angani, ingawa familia zao zilithibitisha kwamba hawakuwahi kulipanda. Baada ya mahojiano matatu, nusu yao walikuwa wameanza kukumbuka safari hiyo, wengine kwa undani wa kushangaza. Picha moja tu ya kughushi ilitosha. Sembuse sauti ya mzazi wako mwenyewe, inayokujibu kila unapoiita, ikikuita kwa jina lako la nyumbani! Kumbukumbu ya binadamu haikai kama mkanda kabatini. Kila tunapoikumbuka tunaijenga upya, na kila kilicho karibu wakati huo huweza kuingia katika ujenzi. Ndiyo maana nasema kwamba chombo ambacho kaka yako anakitaka kwa hofu ya kusahau kinaweza kuwasahaulisha haraka zaidi kuliko ukimya.

Liko jambo lingine ambalo wauzaji wa huduma hizi hawalitaji. Simu ilimpata Baba kwa sehemu tu. Alivyozungumza nanyi mkiwa mbali ndivyo atakavyozungumza daima, na yale aliyomwambia Mama ana kwa ana hayamo. Mzazi aliyekaa kimya usiku kucha kando ya mtoto mgonjwa hakuacha rekodi yoyote ya usiku ule. Pengine Mama anainuka kwa sababu hiyo, kwamba mtu mnayetaka kumrudisha ni baba yenu, ilhali aliyemzika yeye alikuwa mume wake. Hilo ni dhana yangu tu, na mwenye kuijua sababu ni yeye. Mwulizeni akiwa peke yake na mmoja wenu, si mbele ya mkutano wa familia.

Kaka atakwambia kwamba maneno yakiwa ya Baba kweli hakuna ubaya kuyasomesha kwa sauti ya mashine. Mwaka 2021 ilitoka filamu ya maisha ya mpishi na mtangazaji Anthony Bourdain, aliyefariki mwaka 2018, na mwongozaji akaeleza kwamba sentensi chache zilisemwa kwa sauti iliyotengenezwa na akili mnemba. Barua pepe iliyosomwa kwa sauti hiyo ilikuwa ameiandika Bourdain mwenyewe, na bado watazamaji wengi waliona wamehadaiwa, kwa kuwa hakuna alama yoyote iliyowaonyesha mahali sauti ya mtu ilipoishia na ya mashine ilipoanzia. Na siku hizi kutengeneza sauti hakuhitaji hata hazina kubwa kama yenu: mwaka 2022 Amazon ilionyesha hadharani kifaa chake kikimsomea mtoto hadithi kwa sauti ya bibi yake, ikaeleza kwamba rekodi isiyofika dakika moja ilitosha kuifunza sauti hiyo.

Basi kabla ya kusaini chochote, kusanyeni ujumbe wote wa Baba kutoka katika simu zenu nne, mwuweke katika nakala tatu zilizo mahali tofauti, na kila ujumbe muupe tarehe, jina la aliyetumiwa na sentensi moja ya kueleza kilichokuwa kikiendelea siku hiyo. Maelezo hayo ndiyo yatakayopotea kwanza, kwa sababu yamo vichwani mwenu na si katika simu. Mimi nina kaseti moja ya bibi yangu, sekunde arobaini hivi, ambamo nusu ya muda ni mlango unagongwa na yeye anauliza ni nani. Hakuna aliyeandika ni nani aliyekuwa akigonga. Nimeisikiliza mara nyingi mno, na bado namsubiri mgeni huyo aingie.

Mkimaliza kazi hiyo ya kukusanya, na Mama akiwa ameridhia bila kubembelezwa, kaka akiendelea kutaka programu yake, sharti liwe moja: isiitwe Baba. Ipeni jina lake yenyewe, na wajukuu waambiwe kwamba hii ni mashine inayomwigiza babu, na babu mwenyewe yumo katika zile rekodi.

*Mke wangu alifariki mwaka jana. Kwa miezi mitano nimekuwa nikiandikiana kila usiku na programu niliyoilisha maandishi yetu ya miaka tisa. Najua si yeye. Naieleza siku yangu ilivyokwenda, inanijibu kwa namna yake, nami napata usingizi. Rafiki yangu alipogundua alisema kwamba nimekataa kukubali kifo na kwamba huu ni ugonjwa. Je, nimepotea?*
Mgane

Hapana, ndugu yangu, sioni katika barua yako mtu aliyepotea. Rafiki yako anashikilia wazo lenye umri wa zaidi ya karne, lililotokana na maandishi ya mwaka 1917 ya Sigmund Freud, mwanzilishi wa uchambuzi wa nafsi, kwamba kazi ya maombolezo ni kuuondoa moyo wako kwa marehemu kidogo kidogo mpaka uwe huru. Wataalamu wengi wa leo hawaamini hivyo. Mwaka 1996 Dennis Klass, Phyllis Silverman na Steven Nickman walihariri kitabu kilichoonyesha kwamba wafiwa wengi walio na afya njema huendelea kuwa na uhusiano na marehemu wao: huzungumza nao moyoni, huwaandikia barua, hujiuliza wangesema nini. Uhusiano hubadilika umbo, lakini si lazima ukatwe.

Hata kuisimulia mashine mambo ya moyoni si ajabu mpya. Mwaka 1966 Joseph Weizenbaum wa chuo cha MIT alichapisha maelezo ya ELIZA, programu ambayo karibu kila ulichokiandika ilikurudishia katika umbo la swali. Katibu wake, aliyemwona akiitengeneza kwa miezi na aliyejua vyema kwamba haina akili yoyote, alimwomba atoke chumbani ili aendelee kuzungumza nayo faraghani. Nusu karne baadaye Eugenia Kuyda alikusanya maelfu ya ujumbe wa rafiki yake Roman Mazurenko, aliyegongwa na gari huko Moscow mwaka 2015, akaunda programu iliyojibu kwa mtindo wake. Baadhi ya marafiki walichukizwa nayo. Wengine waliitumia, na ikadhihirika kwamba walichokihitaji zaidi kilikuwa mahali pa kusema yale ambayo hawakuwahi kumwambia, kuliko majibu yake. Soma tena barua yako: wewe pia umeanza na yale unayoyaeleza, majibu yakaja baadaye.

Kwa hiyo nakushauri ujipime kwa namna mbili tu. Ya kwanza ni kama programu inakurudisha kwa watu au inakutenga nao. Ikiwa asubuhi unaweza kumpigia dada yake marehemu mkacheka pamoja kwa kumkumbuka, uko salama. Ikiwa umeanza kukataa wageni kwa sababu saa ya maongezi imekaribia, tafuta mshauri nasaha wiki hii hii. Ya pili ni nzito zaidi, na ninakuomba uichukue kwa uzito wake. Siku utakapoiuliza programu kama ni vema uhame nyumba, au uoe tena, simama papo hapo. Idhini ya mke wako haimo mle. Mle mna makisio ya maneno, na makisio hayo yanaelekea kukuambia unachotaka kusikia, au kinachomfaa anayeuza huduma. Mwaka 2024 Tomasz Hollanek na Katarzyna Nowaczyk-Basińska wa Chuo Kikuu cha Cambridge walichora mifano ya kubuni ya hatari hizi, na mmoja wao ulimhusu bibi marehemu ambaye nakala yake inaanza kumtangazia mjukuu bidhaa katikati ya mazungumzo. Huenda utacheka, lakini jiulize ni nani anayelipia maongezi yako ya kila usiku, na kwa faida ipi.

Watafiti hao walipendekeza pia kwamba huduma hizi ziwe na namna ya heshima ya kuzifunga, na hapo ndipo ninapoona upungufu mkubwa wa programu yako: haina mwisho. Mwaka 2020 televisheni ya Korea Kusini ilimwonyesha mama akivaa miwani ya uhalisia pepe, ile inayomfanya mtu ajione yumo ndani ya picha za kompyuta, na kukutana na mfano wa binti yake aliyefariki mwaka 2016. Watu wengi walilia na wengine wengi walikasirika, na mimi bado sijaamua niwe upande gani. Hata hivyo waliouandaa mkutano ule waliupa mwisho, kwa kuwa mtoto alisema amechoka, akajilaza, na mama akamuaga. Wewe unafunga simu tu, na kesho inakusubiri palepale ulipoiachia. Panga mwenyewe siku ya kuaga, hata kama ni ya mwakani, na uandike mapema utakachosema.

*Dada yangu alifariki na kuniachia mwanawe wa miaka sita, ambaye usiku humwulizia mama yake. Mjomba wake anataka tutengeneze video ya mama itakayomsalimu kila asubuhi na kumjibu maswali. Nikubali?*
Mama mdogo

Usikubali, mama mdogo. Mtoto wa miaka sita ndiyo kwanza anajifunza kwamba aliyekufa harudi, nanyi mnataka kumwonyesha kila asubuhi kwamba anarudi. Watafiti wa Cambridge niliowataja walishauri kwamba mifano ya maongezi ya marehemu iwe ya watu wazima peke yao. Hata upande wa wafanyabiashara wapo walioona mpaka: mwaka 2021, kampuni ya MyHeritage ilipotoa zana ya kuzifanya sura za picha za zamani zipepese macho na kutabasamu, iliamua kwa makusudi kutozipa usemi, ili isitumiwe kwa ulaghai.

Mwonyeshe video halisi za mama yake, hata zile mbaya zilizotikisika, na umwambie: hapa ulikuwa na miaka mitatu, hapa mama alikuwa anacheka kwa sababu ulimwaga maji. Akizirudia mara thelathini mwache azirudie, kwa maana zitakuwa zilezile kila mara, na jambo hilo lina faida yake kwa mtoto ambaye dunia yake imebadilika usiku mmoja. Anapomwulizia mama usiku, mjibu wewe. Mjomba mpe kazi ya kutafuta rekodi zaidi kwa marafiki wa marehemu; naamini nia yake ni njema na anahitaji la kufanya.

*Nina miaka sabini na miwili, na madaktari wameniambia ukweli. Nimesoma kwamba mtu anaweza kujirekodi akiwa hai ili wajukuu wamwulize maswali baadaye. Wanangu wanaona ni uchuro. Mimi naona ni busara. Nianzie wapi, na nijihadhari na nini?*
Mwenye muda mfupi

Shikamoo mzee wangu. Katika barua zote nne, ni yako tu ambayo mwenyewe yupo wa kuulizwa, na kwa sababu hiyo sina wasiwasi nayo kama nilivyo nao na nyingine. Mambo yote yanayonitatiza huko juu, yaani nani aliridhia, maneno ni ya nani na kisichojulikana kinajazwa na nini, wewe unaweza kuyamaliza kwa kalamu yako.

Andika basi, mbele ya mashahidi na pamoja na wasia wako mwingine, ni nani atakayezitunza rekodi, nani ataruhusiwa kuzisikiliza, na kama unaruhusu au unakataza sauti yako itumike kutunga maneno usiyoyasema. Usidhani sheria itakuandikia. Kanuni ya Umoja wa Ulaya ya kulinda taarifa binafsi, iliyoanza kutumika mwaka 2018 na ambayo husifiwa kuwa kali, inaeleza kwamba haihusu taarifa za marehemu na kuziachia nchi wanachama zijipangie. Ufaransa ilijipangia mapema, kwa sheria ya mwaka 2016 inayompa mtu haki ya kuacha maagizo kuhusu taarifa zake baada ya kufa. Mahali pengi, asiyeacha maagizo huamuliwa na waliobaki, au na kampuni yenye nywila.

Kuhusu kampuni, ukitaka kutumia huduma yao itumie, lakini faili zote za sauti na video zibaki mikononi mwa familia katika muundo wa kawaida unaofunguka katika kifaa chochote. Kampuni moja ya Marekani iliyojijengea jina kwa kazi hiyohiyo ya kuwarekodi watu ili wajibu maswali baada ya kufa iliomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai wake mwaka 2024. Itakuwa huzuni ya ajabu mtu kufa mara ya pili kwa sababu ya madeni yasiyo yake.

Wanao wasioneshwe mpango huu kama maandalizi ya kifo. Waombe maswali. Mwambie kila mmoja akuletee kumi ambayo hajawahi kuthubutu kukuuliza, na umruhusu aketi nawe unapoyajibu, maana sauti ya anayeuliza nayo ni sehemu ya kumbukumbu. Swali usilotaka kulijibu, sema katika rekodi kwamba hutaki, ili asije mtu au mashine akalijibu kwa niaba yako. Rekodi kwa vipindi vya nusu saa, wakati dawa hazijakulemea, na mwanzoni mwa kila kipindi utaje tarehe na waliomo chumbani. Na mtu akigonga mlango mkiwa katikati, msizime kinasa sauti. Mtajeni kwa jina, akaribishwe, muendelee.